Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mwenye pikapu ya dizeli iliyozeeka, tuseme Hilux ya injini ya 3L yenye lita 2.8, akiona gia zinagoma hukimbilia kununua giaboksi ya mtumba. Naona hiyo ni haraka mno. Gia zote zikigoma injini ikiwaka, lakini zikaingia kwa ulaini ikizimwa, mshukiwa wa kwanza ni klachi isiyoachia sawasawa. Ikikwaruza gia moja tu, hasa ya pili, hapo huenda sinkronaiza yake imelika.

Wapo watakaosema spea za kuifufua giaboksi ya zamani hukaribia bei ya giaboksi nzima. Mara nyingi ni kweli, na meno yakishavunjika sina ubishi. Ila ya mtumba nayo imekula kilomita zisizojulikana: oili yake ichunguzwe kama ina vipande vya chuma, kisha giaboksi yenyewe ilinganishwe na ya zamani kwa urefu, meno ya shafti, na kama ni ya magurudumu manne. Kazi kubwa ni kuishusha. Kwa hiyo diski ya klachi, rilizi beringi na sili ya nyuma ya krenki vibadilishwe siku hiyohiyo, maana sili ikivuja baadaye, giaboksi itashushwa upya na diski italowa oili.