Wasia au Amana? Kila Mzazi Apime Mzigo Wake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Waama, walimu wanaujua ukweli wa kauli hiyo kuliko wengi wetu, maana wao ndio humwona mwanafunzi yatima akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ilhali marehemu babake aliacha shamba, fedha benkini na nyumba za kupangisha. Mali ipo, lakini imefungwa. Ami na wajomba wanavutana mahakamani, na mtoto anangoja.

Siku hizi wazazi wengi hushauriwa waunde amana ya familia, hata baadhi yao wakadhani kwamba wasia umepitwa na wakati. Swali hili halifai kujibiwa kwa kufuata mkumbo.

Wasia ni kauli ya mtu kuhusu jinsi mali yake itakavyogawanywa baada ya kufa kwake. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, mtu mzima yeyote mwenye akili timamu anaweza kuuandika na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili, ambao ni heri wasiwe miongoni mwa warithi. Hata hivyo, wasia hauna nguvu mwenyewe angali hai, na akishafariki, wasii aliyeteuliwa sharti athibitishwe na mahakama kabla ya kugawa chochote.

Amana ni mpango wa namna nyingine. Mwenye mali huikabidhi kwa wadhamini, nao huitunza kwa faida ya watu aliowataja na kwa masharti aliyoyaweka. Mali iliyohamishiwa amana angali hai haimo tena katika mirathi yake, hivyo kifo hakiifungi. Mageuzi ya sheria ya mwaka 2021 yaliitambua waziwazi amana ya familia.

Je, kila mtu anaihitaji? La hasha! Mwalimu mwenye ekari mbili, akiba katika chama cha ushirika na watoto waliokwisha kujitegemea atatoshwa na wasia ulioandikwa vyema. Amana ina gharama zake: hati ya kuiunda, usajili, kuhamisha hatimiliki na kuweka hesabu. Isitoshe, amana isiyohamishiwa mali ni kibuyu kitupu. Wala si pango la kumficha mume au mke mali, kwani Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya mali ya ndoa kuhamishwa.

Ziko hali tatu, kwa maoni yangu, ambapo amana yafaa kufikiriwa kwa dhati. Kwanza ni watoto wadogo. Mzazi akifa bila wasia, sheria yenyewe huliweka fungu la mtoto katika amana hadi atimize miaka 18. Lakini hapo msimamizi ni yule aliyekubaliwa na mahakama, ambaye huenda mzazi asingemwamini hata na mbuzi. Tena mtoto hukabidhiwa fungu lote akiwa pengine angali kidato cha nne. Pili ni mtoto mwenye ulemavu wa akili, atakayehitaji kutunzwa maisha yake yote. Tatu ni mali ambayo ikigawanywa hufa, kama vile duka au ploti moja yenye warithi wanane.

Hata katika hali hizo, ipo njia ya katikati. Amana yaweza kuundwa ndani ya wasia, ianze kazi baada ya kifo. Itasubiri mahakama, naam, lakini gharama yake leo ni ndogo na mzazi amejichagulia wadhamini. Kwa Mwislamu, ambaye mirathi yake hufuata sheria ya dini, wasia hauvuki thuluthi ya mali, na wakfu ni njia aliyoijua tangu kale.

Kisichofaa kabisa ni kunyamaza. Mirathi ya Mbiyu Koinange, waziri wa zamani aliyefariki 1981, ilikuwa ingali mahakamani zaidi ya miaka 30 baadaye. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa mirathi hawakosekani.

Wengi huogopa kuandika wasia wakidhani wanajiitia mauti. Mauti hayangoji mwaliko. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi hesabu za faida na hasara na aketi na mwenzi wake, aorodheshe mali, madeni na wanaomtegemea, kisha amwendee wakili akijua anachotaka. Nawe mwanafunzi, usione haya kuwauliza wazazi kwa adabu iwapo wamekwisha kuandika. Hilo si kuwatakia mabaya, bali ni kuwaepusha wadogo zako na lango la shule lililofungwa.