Dinari Isiyokuwa na Sura

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tuizingatie sarafu ya dhahabu. Waislamu walipoifungua Sham katika karne ya saba, walikuta watu wakitumia dhahabu ya Rumi, yenye sura ya mfalme upande mmoja, na upande wa pili msalaba juu ya ngazi. Nao wakaitumia. Baadaye zikapigwa sarafu za kuiga hizo, lakini msalaba ukaondolewa mikono yake, ukabaki mti mtupu.

Katika zama za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, mfalme wa Rumi, Justinian wa Pili, alitia katika dhahabu yake sura iliyonasibishwa na Nabii Isa (A.S.), na yeye mwenyewe akachorwa upande wa pili ameshika msalaba. Dinari za Khalifa nazo, tangu mwaka 74 Hijria, zilimwonyesha yeye amesimama, mkono u juu ya upanga.

Kisha, mwaka 77 Hijria, yaani 696-697 Miladia, picha hizo zikaachwa. Dinari mpya, yenye uzito wa gramu 4.25 hivi, haikuwa na sura ya Khalifa wala jina lake. Upande mmoja iliandikwa shahada ya Tauhidi. Upande wa pili maneno ya Suratul-Ikhlas, yakizungukwa na Bismillahi na mwaka wa kupigwa.

Hatusemi kuwa Khalifa yule hakuwa na makosa; alikuwa mtawala, na sarafu ni amri ya dola. Lakini tufikiri: aliyeipokea dinari ile sokoni alikamata Jina la Mola wake. Je, akipunja mizani, Jina lile litamtakasia chumo lake? Hasha! Litakuwa shahidi juu yake.

Dinari ile haimo tena masokoni, bali uzito wake ungali katika sheria yetu. Nisabu ya Zaka ya dhahabu ni dinari 20, na wanazuoni wengi wa leo huzihesabu kuwa gramu 85. Basi mwenye dhahabu ya akiba iliyofikia kiasi hicho na ikatimiza mwaka, aitoe haki ya maskini.

Mwenyezi Mungu atujaalie Tauhidi ya moyoni, si ya maandishi matupu. Amin.