Redio mpya, gari kuukuu: Nyaya za spika zibadilishwe kwanza

WENYE magari ya zamani katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet huweza kupata hasara redio mpya inapoungua punde tu baada ya kufungwa.

Kiini huwa ni nyaya. Katika baadhi ya magari hayo, waya hasi wa spika uliunganishwa na bodi ya gari, au spika mbili zikatumia waya mmoja. Redio nyingi za kisasa hupitisha umeme wa sauti katika nyaya zote mbili. Mmoja ukigusa bodi, redio huweza kuharibika.

Hivyo, fundi achomoe waya wa betri, kisha avute nyaya mbili mpya kwa kila spika. Maungio ya milangoni yafunikwe vyema, kwani mvua ya huko huyatia kutu.