Kufunga, Kufungia na Kufungulia: Msamiati wa Adhabu katika Historia ya MwanaHalisi

Kitenzi *funga* kinapopokea kiambishi cha kutendea huwa *fungia*, ambacho katika uwanja wa habari nchini Tanzania kina maana mahususi: kulizuia gazeti lisichapishwe kwa amri ya serikali. Mtu hufungwa, gazeti hufungiwa. MwanaHalisi, gazeti la kila wiki lililosifika kwa habari za uchunguzi, lilifungiwa miezi mitatu mwaka 2008, kisha kwa muda usiojulikana Julai 2012, chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976.

Hoja ya serikali ilikuwa uchochezi. Nomino hiyo inatokana na *chochea*, yaani kusukuma kuni ili moto uwake zaidi. Kisemantiki, anayechochea si aliyeuwasha moto, ameukuta unawaka. Kwa hiyo, sitiari yenyewe inakiri kuwapo kwa moto, ingawa adhabu humwangukia mwenye kuni.

Tarehe 2 Septemba 2012, takribani mwezi mmoja baada ya amri hiyo, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa. Mwaka 2016 askari polisi aliyetiwa hatiani kwa kumuua bila kukusudia alifungwa miaka 15.

MwanaHalisi lilifungiwa tena mwaka 2017, safari hii miezi 24. Februari 2022 serikali iliyarejeshea leseni magazeti manne, likiwamo hilo, na kitenzi kilichotumika kikawa *fungulia*. Kinyume cha *fungia* kipo katika lugha. Kinyume cha *ua* hakipo.