Mussolini hakupindua serikali, alikabidhiwa

Asubuhi ya Oktoba 28, 1922, kuta za Roma zilibandikwa matangazo ya hali ya hatari. Waziri Mkuu Luigi Facta na mawaziri wake walikuwa wameamua usiku huo kulitumia jeshi, kwa kuwa maelfu ya vijana wenye mashati meusi walikuwa wakikaribia mji. Ilibaki saini ya Mfalme Vittorio Emanuele III tu. Facta alipompelekea amri hiyo, mfalme akakataa kuitia saini. Siku hiyohiyo matangazo yakaanza kubanduliwa.

Jeshi la serikali lingeweza kuwatawanya vijana hao. Inakadiriwa hawakuzidi 30,000, wengi wana silaha hafifu na wamelowa chapachapa kwa mvua. Kiongozi wao, Benito Mussolini, hata hakuwa nao. Alikuwa Milan akisubiri kuitwa. Alipoitwa, alipanda treni ya usiku, na Oktoba 30 mfalme akamkabidhi uwaziri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mtu huyu alikuwa kichekesho. Kundi la mafashisti alilolianzisha Milan Machi 1919 liliambulia patupu katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo: halikupata hata mbunge mmoja. Italia ilikuwa imetoka katika Vita Kuu ya Kwanza na ushindi, lakini imezika askari wapatao 600,000. Bei za vyakula zilipanda, ajira zikakosekana, na Septemba 1920 wafanyakazi waliteka viwanda vya kaskazini. Wasoshalisti walikuwa na wabunge wengi kuliko chama kingine chochote, ila hawakutaka kuunda serikali na "mabepari". Mawaziri wakuu wakawa wanapokezana kiti huku Bunge likibishana.

Wenye mashamba makubwa ya bonde la mto Po hawakusubiri mabishano yaishe. Walichoka na migomo ya vibarua, wakaanza kuwafadhili mafashisti. Usiku malori yalijaa vijana, yakaingia vijijini. Ofisi ya chama cha wafanyakazi ilichomwa moto, duka la ushirika likavunjwa, na kiongozi wa vibarua akatolewa nje mbele ya mkewe na watoto. Alipigwa virungu, kisha akanyweshwa mafuta ya nyonyo kwa nguvu, ajiharie hadharani. Nia ilikuwa kumvunjia heshima, ili kesho yake kijijini pasiwe na mtu wa kumfuata. Polisi mara nyingi waliangalia pembeni. Wengine waliwasaidia washambuliaji.

Wanasiasa wakongwe waliyajua hayo yote. Giovanni Giolitti, aliyekuwa ameongoza serikali mara tano, aliona vurugu hizo zinamfaa: ziwatie adabu Wasoshalisti, halafu Bunge liwatie adabu mafashisti. Katika uchaguzi wa Mei 1921 akawaingiza kwenye muungano wake. Wakapata viti 35 kati ya 535, na juu ya viti hivyo wakapata kitu kikubwa zaidi: heshima. Mtu wa kirungu sasa aliitwa mheshimiwa.

Baada ya hapo kila hatua ilipita kwa utaratibu. Serikali ya kwanza ya Mussolini ilikuwa ya mseto, na Bunge liliiidhinisha kwa kura 306 dhidi ya 116. Mwaka 1923 Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Acerbo, iliyokipa thuluthi mbili za viti chama kitakachoongoza kikifikisha robo ya kura. Mbunge Msoshalisti Giacomo Matteotti aliposimama Mei 30, 1924 kueleza vitisho na wizi wa kura katika uchaguzi uliofuata sheria hiyo, alizomewa. Juni 10 alitekwa na mafashisti mchana kando ya mto Tiber, akasukumizwa ndani ya gari na kuuawa.

Nchi ilishtuka, na serikali ikatikisika. Wapinzani waliondoka bungeni wakiamini mfalme atamfukuza Mussolini. Mfalme alinyamaza. Januari 3, 1925, Mussolini aliliambia Bunge kwamba yeye mwenyewe anabeba dhamana ya yote yaliyotokea, akawataka wanaoweza wamshtaki. Hakuna aliyemshtaki. Kufikia mwisho wa 1926 vyama vya upinzani vilikuwa vimepigwa marufuku.

Gharama ya hayo yote haikuishia Italia. Mwaka 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na katika Vita Kuu ya Pili askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipelekwa kupigana nayo.

Tukiuliza demokrasia ya Italia iliuawa siku gani, tutaitafuta siku hiyo bila kuipata. Katiba ya 1848 haikufutwa rasmi miaka yote ya ufashisti, iliachwa kabatini. Kinachotafutika ni majina: tajiri aliyelipia malori, polisi aliyegeuza uso, mzee wa siasa aliyedhani anamtumia kijana, mfalme aliyeweka kalamu chini. Kila mmoja alikuwa na uwezo wa kukataa, na wengi wao hawakuwa mafashisti.