Mkaa Unakwenda Mjini, Moshi Unabaki Kwetu

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati



Kila jioni, kabla jua halijatua, pikipiki na baiskeli hupita mbele ya zahanati yetu zimebeba magunia ya mkaa. Zinakwenda barabara kuu. Huko malori yanasubiri, na usiku huohuo mkaa unaingia Dar es Salaam. Asubuhi akina mama wa mjini wanaununua kwa kopo na kubandika chai. Sisi huku tunabaki na visiki, na mimi katika chumba cha tiba nabaki na wagonjwa.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wachoma mkaa. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa mkaa. Baba yangu alichoma tanuri baada ya tanuri mpaka nikapata cheti changu cha uganga. Leo anakohoa usiku kucha, na hawezi kupanda kilima bila kupumzika mara mbili. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mji unataka kuacha mkaa, nafurahi kama mganga. Lakini kama mtoto wa mchoma mkaa najiuliza: baba na wenzake watakula nini?

MOSHI UNATUFANYA NINI?

Moshi wa kuni na mkaa una chembe ndogo sana ambazo macho hayazioni. Chembe hizo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huleta nimonia kwa watoto, kikohozi cha muda mrefu kwa watu wazima, maradhi ya moyo na kiharusi. Macho nayo huharibika na kupata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mkaa una hatari yake nyingine. Hauna moshi mwingi, kwa hiyo watu huuamini. Lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukilala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, unaweza usiamke.

Katika mvua kubwa zilizopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi minane. Mvua ilimfungia ndani siku tatu, akawa anapika kwa kuni mbichi, mtoto mgongoni. Nilihesabu pumzi za mtoto: 64 kwa dakika, na mbavu zinabonyea ndani. Nilimpa dawa ya kwanza, nikawaambia wakimbie kituo cha afya. Nauli ya pikipiki ilitoka wapi? Baba wa mtoto aliuza magunia mawili ya mkaa palepale barabarani. Mtoto alipona. Hivyo ndivyo tulivyo: moshi umemwumiza mtoto, na mkaa umemlipia nauli. Anayetaka kuuondoa mkaa lazima ayaone yote mawili.

KWA NINI MJI NDIO UTANGULIE?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mkoa huo peke yake ulitumia karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Kumbuka pia kwamba tanuri letu la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kutoka kila kilo 100 za kuni kavu. Zilizobaki zinapotea angani. Basi hata kijiji kikiweka sheria kali namna gani, maadamu mji unanunua, miti itakatwa. Mji ukibadili jiko, pori litapumua.

Serikali imeanza. Mwaka 2023 iliagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule na magereza, ziache kupikia kuni na mkaa. Mwaka 2024 ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115 za umeme. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Nguvu ipo. Kazi ni kuigawa kwa haki.

HAKI YA MASKINI WA MJINI

Mama lishe hanunui mkaa kwa kuwa anaupenda. Ananunua kopo moja kwa pesa ya leo. Mtungi wa gesi unadai pesa nyingi kwa mkupuo. Ukimkataza mkaa bila kumsaidia, hujamwondolea moshi, umemwondolea kazi.

Dawa mojawapo ipo tayari. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri za mjini zinaweza kuvipa vikundi vya mama lishe kipaumbele wanunue majiko ya gesi au ya umeme. Tena ipo mitungi yenye mita, mtu hulipia gesi kidogo kidogo kama anavyonunua mkaa.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Vyumba sita vikitumia luku moja, nani atathubutu kuchomeka jiko? Ugomvi utaanza siku hiyohiyo. Lakini jiko la presha la umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Kila mpangaji akiwa na mita yake, atapiga hesabu mwenyewe na kuona faida.

HAKI YA KIJIJI

Mji usitufungie soko kwa siku moja. Wilaya ya Kilosa imetuonyesha njia. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya huko vilipima misitu yao na kuigawa katika vipande vidogo. Kipande kikishavunwa huachwa miaka 24 kichipue. Mkaa ulichomwa kwa kibali cha kijiji, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji kujengea madarasa na zahanati. Mkaa wa namna hiyo ungeweza kutuvusha mpaka tupate kazi nyingine, kama ufugaji wa nyuki. Mji ungeamua kununua huo tu, nasi tungeacha kukata ovyo.

TUFANYE NINI LEO?

1. Pikia nje, au jenga jiko la pembeni lenye uwazi pande mbili. Mtoto asikae mgongoni wakati wa kupika.

2. Kausha kuni. Loweka maharage usiku mzima. Funika sufuria.

3. Jiko banifu hupunguza kuni, lijenge. Lakini usidhani limemaliza kazi. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2016 haukuona nimonia ikipungua kwa watoto wa nyumba zilizopewa majiko yaliyoboreshwa. Moshi kidogo bado ni moshi.

4. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata kama kuna baridi.

5. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, usiwashe taa wala kiberiti.

6. Hesabu pumzi za mtoto anayekohoa kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Ikiwa ni 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke zahanati mara moja. Mbavu zikibonyea ndani, usingoje kupambazuke.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni familia ngapi kijijini kwetu zinaishi kwa mkaa? Zikiacha leo, kesho zitafanya kazi gani?

2. Ushuru wa mkaa unaotoka hapa unakwenda wapi?

3. Nani anapika nyumbani kwako, na nani anaamua pesa ya jiko itoke au isitoke?

Swali la tatu nilimwuliza baba. Alikaa kimya, akakohoa, kisha akasema: "Mama yako hajawahi kuniomba jiko." Nikamjibu: "Baba, wala wewe hujawahi kumwuliza." Wiki iliyofuata aliezeka jiko la nje.