Moto iko, lakini maharagi haiive: tupime kabo

Kila magaribi mu makampi ya wafanyakazi hapa Katanga, ba mama wanasema neno moja: «Moto iko, lakini maharagi haiive.» Fundi anakuya, anaangalia resho, anasema imezeeka, nunua mupya. Ndugu, mbele ya kutosha franka, fanya hesabu. Ziko mbili tu. Volti ukigawa kwa ampere, unapata omu, ni kusema ugumu wa umeme kupita. Volti mara ampere, unapata wati, ndiyo nguvu yenyewe.

Tukamate resho ya wati 1100. Kwa volti 220 inakula ampere 5. Gawa 220 kwa 5: omu 44. Hizo omu ni za ile waya yenye kuwaka nyekundu, hazibadiliki sana. Sasa saa kumi na mbili, nyumba ine za ku kabo moja zimewasha resho, na mu prizi tunapima volti 176. Gawa kwa 44: ampere 4. Mara 176: wati 704. Volti zimepunguka sehemu moja mu tano, lakini nguvu imepunguka zaidi ya sehemu moja mu tatu, juu volti zikishuka, ampere nazo zinashuka pamoja. Resho ni nzima kabisa.

Zile volti 44 ziko wapi? Kama ku poto tunapima 220, basi zimebaki mu kabo. Nyumba ine, kila moja ampere 4, jumla 16. Zidisha kwa 44: wati 704. Kabo inakula sawa na resho ya tano, na haipike hata chai! Gawa tena 44 kwa 16: omu 2,75. Hiyo ni waya ya shaba ya milimita 1,5, mita karibu 120 toka ku poto, kwenda na kurudi. Ukiweka ya milimita 6, omu zinagawanyika kwa ine, na kila resho inapata karibu wati 970.

Pale waya zimefungwa vibaya ni hatari zaidi. Omu zinakusanyika mahali padogo, joto linazidi, njo pale nyumba inawaka.

Mainjinia wanajua hesabu hii tangu zamani. Laini ya Inga–Kolwezi, kilometre karibu 1700, inabeba umeme kwa volti elfu 500, ili ampere zikuwe kidogo na njia isikule yote. Mitambo ya mugodi inapewa kabo nene kama mukono. Kampi inapewa waya ya ampule.

Na malipo? Mwenye forfe analipa bei ile ile kwa nguvu yenye kupunguka. Mwenye konteri ku poto analipa hata joto ya kabo.

Kwa hiyo, ba delege, mutafute fundi mwenye vyombo vyake, musiguse wenyewe. Apime saa ya kupika, hapana saa ine ya asubui: volti ku poto, volti mu prizi, ampere mu kabo. Muandike hesabu hizo tatu na saa, muende nazo ku mazungumzo. Lakini kama ku poto kwenyewe ni 176, kabo ya kampi haina kosa. Hapo barua inaenda kwa wenye kabini.